Mikeka Kumi na Mmoja

Jumapili mchana, baada ya ndizi za nyama na bakuli la pili ambalo mkewe alimkataza, Sajenti mstaafu Ambilikile anaketi kwenye kochi lake, anafungua vifungo viwili vya shati, na kuzima. Kuzima ndilo neno la nyumba hii. Neno la kawaida, lile ambalo dunia nzima inalitumia mtu anapojitupa kitandani, halitamkwi mbele ya mzee. Watoto wamekua wakiambiana nendeni mkazime, na binti yake mkubwa aliwahi kuchekwa na darasa zima kwa kumwambia mwalimu kuwa jana alizima mapema. Mzee mwenyewe hajanyoosha mgongo kitandani tangu arudi vitani, mwaka wa thelathini na sita huu. Huzima akiwa ameketi wima kama anayesubiri kuitwa jina zahanati, na hakuna anayeuliza kwa nini, maana ana nishani, na mwenye nishani huachwa na mambo yake.

Safari hii kochi linazama. Halina haraka, linapita sakafu, linapita udongo, na Ambilikile anajikuta katikati ya barabara nyeupe isiyo na mwisho, kochi na yote, kulia kwake mji na kushoto kwake mji uleule umegeuzwa, hata kibao cha kinyozi kinasomeka kinyumenyume. Barabara inajikunja, inajirudia, inampitisha tena mbele ya kinyozi yuleyule, na hapo anamkuta mtu aliyevaa kofia ya chuma, na chini ya kofia hakuna uso, pamelainika tu kama chapati ambayo haijaguswa na moto. Ambilikile anaruka na kupiga saluti, mazoea hayo. Huku ni wapi, afande? Mtu yule anacheka, japo mdomo hana. Huku ni pale ulipowaambia watu wakae. Niliwaambia mimi? Ulisema neno moja, likafika mawili. Ongea wazi, afande, anasema Ambilikile, mafumbo yalinishinda tangu darasa la nne. Basi twende, anasema asiye na uso, ila hilo tumbo lisogeze, watu wapate njia.

Wanatembea, au barabara inatembea na wao wamesimama, kila wakipinda kulia wanatokea kushoto, na mji unapungua nyumba kwa nyumba mpaka zinabaki za nyasi tu, na uwanja uliofagiwa, na watu kumi na mmoja wameketi juani wanapiga soga, kila mmoja na mkeka wake umekunjwa kwapani. Ambilikile anawajua. Anatamani kugeuka, lakini barabara nyuma yake imeshajikunja na kuondoka na asiye na uso. Bibi mmoja mfupi, wenzake wanamwita Kasiwa, anasimama kumkagua. Ndiye huyu? Mbona kanenepa hivi! Shikamoo, bibi, anasema Ambilikile kwa sauti ndogo. Subiri kwanza, anasema Kasiwa, mimi niliondoka na miaka sitini, wewe sasa una mingapi? Sitini na minne. Ehe! Basi nani ampe mwenzake shikamoo? Wote wanaangua kicheko, wanabishana, wazee wawili wanapiga hesabu kwa vidole, na Ambilikile naye, Mungu amsamehe, anajikuta anacheka.

Halafu Kasiwa anakaa na kumwambia. Asubuhi ile ulitoka kwenye ukungu na vijana wako ukapaza sauti, laleni! Wewe ulitaka tujitupe chini. Lakini sisi Kiswahili chetu kilikuwa cha kuuzia vitunguu sokoni, kulala tulikojua ni kulala usingizi. Nikamwambia mume wangu, askari wanataka tulale, saa moja asubuhi, wazimu gani huu? Akasema tuwatii. Sasa mtu atalalaje kwenye umande? Tukaingia ndani kuchukua mikeka. Tukatoka nayo. Nawe ukasema, piga.

Hapo hakuna anayecheka. Niliona bunduki, anasema Ambilikile, kwenye ukungu ule niliona bunduki. Ukungu ulikuwa mzito, hata sisi tuliuona, anasema Kasiwa, na ukungu ulipoondoka? Ukungu ulipoondoka Ambilikile aligeuza mkeka mmoja kwa buti, akauona ulivyosukwa, mwekundu na kijani, kisha akashika redio na kuripoti: waasi kumi na mmoja, wote wana silaha. Nishani ilitokea hapo. Machozi yanamtoka, kamasi nayo. Nilidanganya, anasema. Ilikuwa mikeka. Hamkuwa na hata kisu. Niliwaua, halafu nikawasingizia. Anasubiri ardhi ipasuke, na haipasuki. Hilo mbona tunalijua, baba, anasema Kasiwa, tulikuwepo. Kawaambie wa kule. Wote kumi na mmoja wanainuka, wanamkalisha kwenye kochi, wanalisukuma kwa vigelegele na matusi madogo madogo kama gari lililogoma kuwaka, na kochi linapanda.

Jua bado liko dirishani. Mkewe, Tusekile, anamenya njegere. Ambilikile anamwambia palepale, kabla hajafuta uso: wale hawakuwa waasi, walikuwa raia, walibeba mikeka. Tusekile hashtuki. Najua, anasema. Miaka yote hii ukizima unapiga kelele, ni mikeka jamani, ni mikeka. Ambilikile anaduwaa. Kule walijua, huku nako wanajua, basi huenda kochi halijapanda popote. Anamkagua mkewe usoni, macho yapo, pua ipo, lakini hata Kasiwa alikuwa navyo. Mama, anauliza, bado niko ndotoni? Tusekile anaweka bakuli chini. Sijui, mume wangu. Ndotoni umeshaniambia sana. Sasa niambie ukiwa macho.

Hana hakika kama yu macho. Anafunga vifungo vya shati, anaketi vizuri, anaanza. Walikuwa kumi na mmoja, anasema, na wa kwanza kutoka alikuwa bibi mmoja mfupi.