Chupa Zenye Kizibo

Mwanangu Carine alikuwa mnene, na mimi nilijivunia unene wake. Mtaani kwetu Kadutu mtoto mwenye mashavu ni sifa ya mama yake. Miaka kumi na minne, kilo themanini, na kila akirudi shule namwekea sucré, soda ya chupa, mezani. Anayetaka kunisema aseme.

Baada ya Pasaka sketi yake ya shule ilianza kumlegea. Anakunywa maji, anakwenda kukojoa, anarudi kunywa tena. Niliogopa. Hapa Bukavu mtu akikonda ghafla hatuulizi mara mbili: ni karuho, ile sumu ya polepole unayotiliwa katika chakula na mtu anayekuchekea. Kikulacho ki nguoni mwako. Jirani yetu, Maman Eulalie, alikuwa amempa Carine ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, juzijuzi tu. Nikaacha kumsalimia.

“Maman Carine, juu ya nini unanipita sawa vile hatujuane?”

Nilitema mate, nikapita.

Tangu siku hiyo Carine hakugusa chungu cha mtu, wala maji ya bidoni letu, lile dumu la maji, maana hukaa uani ambako yeyote hupita. Sumu haipenyi kizibo. Nikawa namnunulia sucré tu, nafungua chupa mbele ya macho yake, kama tunavyomfanyia mgeni ili asituogope. Nne kwa siku, halafu sita.

“Maman, kiu haiishe.”

“Kunywa tu, mama. Hii iko safi.”

Jumapili asubuhi nilimwita twende misa, hakuitika. Alikuwa akihema mbiombio, pumzi yake inanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Tulipanda teksi hadi hospitali, huku nikimlaani Eulalie njia nzima.

Daktari Firmin alimtoboa kidole, akatazama kimashine chake, akamwita muuguzi kwa sauti.

“Docteur, ni karuho, si ndiyo? Niko najua mwenye alimupatia.”

“Hapana, maman. Ni sukari. Imepanda mupaka mashine inashindwa kuihesabu. Tunaanza dawa sasa hivi, lakini siwezi kukuahidi kitu. Mutoto alikuwa anakunywa nini?”

Carine alilala macho nusu wazi, mkono wake baridi katika wangu. Jina la Eulalie lilikuwa bado ulimini mwangu. Nililimeza.

“Sucré. Sita kwa siku.”

“Sita? Nani alikuwa anamupatia?”

“Ni miye, docteur. Ni miye mama yake.”