Muuzaji Aliyekubali Kuapa

Nitasema yote, na anayetaka kunicheka acheke, lakini angoje nimalize. Mimi Ireri, niliyesoma hadi kidato cha nne na kuwa karani Embu mjini miaka kumi na mmoja, nililipia pampu ya maji ambayo mpaka leo sijaiona.

Ilikuwa mwaka wa 1999. Sisi wa Mbeere tumezoea kukosa mvua, lakini mwaka huo ilitukosa mara mbili. Akina mama kumi na wanne wa kijiji chetu walikuwa wamekodi ekari mbili kando ya mto Thuci, wakapanda nyanya. Maji waliyateka kwa mitungi na kuyapandisha mteremko mgongoni. Wakaamua kununua pampu. Waliuza mbuzi, wakauza kuku, mmoja akang'oa mabati ya jikoni kwake akayauza. Mke wangu Wambura ndiye aliyekuwa mweka hazina. Pesa walizopata hazikufika hata nusu ya bei ya pampu mpya. Ndipo mimi, na mdomo wangu huu, nikasema kwamba Embu kumefunguliwa nyumba ya kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna mnada wa dunia nzima.

Walinipa pesa zile na kuniombea safari njema. Wambura alinishonea mfuko ndani ya koti.

Msichana wa kompyuta aliitwa Carol. Tulikaa naye karibu saa mbili, laini ya simu ikikatika kila mara, mpaka tukapata pampu mbili za petroli zilizotumika, zote ziko Uingereza. Ya kwanza ilikuwa ya mkulima mmoja mzee. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyejiita Ndugu Emmanuel. Bei zao, pamoja na nauli ya meli, zilikaribiana, na pesa zetu zilitosha kwa yoyote.

Sasa nichague nani? Nikafanya ambalo mtu wa kwetu angefanya. Nikamwambia Carol awaulize wote wawili: je, utaapa kwa maisha ya watoto wako kwamba pampu ipo na utaituma?

Carol akageuka kunitazama. "Mzee, kwa mnada hakuna mtu huulizwa hivyo. Angalia hapa. Huyu mkulima ameuza vitu arobaini na walionunua wanamsifu. Huyu Emmanuel hana hata mtu mmoja wa kumshuhudia."

"Sifa hata mwizi hupata," nikamjibu. "Wewe andika."

Msinione mjinga. Kwetu Jumapili tunajaa kanisani, lakini kiapo hatukichezei. Mtu akiapa uongo, kiapo hakimli yeye, hula watoto wake, mmoja baada ya mwingine. Najua boma moja ambalo leo ni magugu tu kwa sababu ya mpaka wa shamba ulioapiwa uongo. Mimi na Wambura tulizika watoto wawili kabla ya kumpata Wanjira, na hatukuwa tumeapa chochote. Kwa hiyo nilipouliza swali lile, nilikuwa nimeuliza swali zito kuliko yote niliyoyajua.

Ndugu Emmanuel alijibu kabla sijamaliza chai. Aliapa kwa wanawe watatu, wafe wote siku hiyo kama alikuwa ananidanganya. Ila nitume pesa upesi, moja kwa moja kwa jina lake, maana kulikuwa na mteja mwingine anayeitaka.

Mkulima alijibu siku ya tatu. Alisema yeye haapi kwa maisha ya watoto wake kwa jambo lolote, na akaniomba radhi. Akasema nisimtumie pesa yeye. Niwape wasimamizi wa malipo wa ule mnada wazishike, naye atalipwa nikishaipokea pampu na kuona inafanya kazi.

Nilikasirika! Nikaona huyu ana la kuficha.

"Mzee, huyo wa kuapa anakuharakisha," Carol akasema. "Mtu wa ukweli hawezi kataa pesa ishikiliwe. Si umpee huyu mwingine?"

"Binti, wewe huna watoto. Huwezi jua," nikamwambia, nikaenda benki kumtumia Emmanuel pesa zote.

Wiki mbili nilipita nikitamba kijijini. Wiki ya tano nikaanza kuwakwepa wale akina mama njiani. Wiki ya saba nilirudi kwa Carol. Barua zetu kwa Emmanuel zilikuwa zimerudi bila kusomwa, na ukurasa wake kwenye mnada haukuwepo. Pampu ya mkulima ilikuwa imeshanunuliwa. Carol hakuniambia "nilikwambia". Afadhali angeniambia.

Nilitembea kwenda nyumbani kama mgonjwa, na njiani akili ikanirudia, imechelewa. Kwetu watu wawili wakigombania ng'ombe, mwenye ng'ombe wake haapi haraka. Huomba siku, huenda kuongea na mkewe, huogopa hata kama ukweli ni wake. Anayerukia kiapo ni mwizi au ni mwendawazimu. Hilo nililijua tangu utotoni, nikalisahau kwa sababu lilikuja kwa Kiingereza.

Nyanya zilikuwa zimekauka na maua yake. Akina mama waliniita kanisani siku ya Alhamisi. Nikawaeleza yote, mpaka jina la Emmanuel. Hakuna aliyenitukana. Marcella, mwenyekiti wao, yule aliyeuza mabati yake, alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Wanjira, hatusemi umekula pesa," akasema. "Lakini hiyo mashine ya Embu sisi hatujaiona, na huyo Emmanuel hatumjui. Apa tu kwa mtoto wako kwamba hukukula, tukuachilie."

Sikuwa nimekula hata senti. Hata hivyo nilimtazama Wanjira, miaka minne, amelala mapajani mwa mamake, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Nipeni mpaka kesho," nikasema. "Nyinyi mnajua mtu wa ukweli haapi haraka."

"Tunajua," Marcella akajibu polepole. "Na mwongo pia anajua kwamba tunajua."

Nikamgeukia Wambura. Miaka kumi na miwili tumelala kitanda kimoja. Nilitaka aseme neno moja tu, kwamba mume wangu ni mjinga lakini si mwizi. Angelisema, wangemwamini.

Wambura alisimama. Akamwamsha Wanjira, akamfunga mgongoni kwa leso, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea, akatoka naye nje bila kunitazama. Nikasikia hatua zake, kwanza taratibu, halafu akikimbia. Alikuwa anamtorosha mtoto asipatwe na kiapo changu.

Mke wangu mwenyewe hakuniamini; kungoja kesho kungenisaidia nini? Ndipo nikaapa.