Kaburi la Torkwili

"Wallahi bilahi, nisemayo ni kweli tupu! Nikiongopa, ulimi uniotee kisogoni!"

Pazi aliapa mkono kifuani, na hapo hapo Hatibu akajua pana jambo. Shemeji yake huyu haapi ovyo, huapa akishaharibu.

Ilikuwa siku ya kumnyoa mtoto, kijijini Bigwa, enzi za Mjerumani. Asia, dada yake Hatibu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Pazi, mumewe, ndiyo kwanza atangaze jina: Torkwili.

"Hilo ni jina au mtu kapaliwa na ugali?" akauliza mkunga.

"Mama yake akimwita," mwingine akadakia, "kuku wote watakimbilia porini."

Watu wakacheka. Hatibu hakucheka. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ni yeye. Jina likimletea mtoto homa, yeye ndiye atakayeulizwa. Tena kila jina kwao lina marehemu wake, na marehemu ana kaburi linalopaliliwa.

"La nani hilo?" akauliza.

"La yule Mskochi niliyekuwa nikimchimbia ulanga, yale mawe ya kung'aa, huko mlimani. Amekufa, maskini. Chui! Mkubwa kama punda! Nikamvuta mkia, akaniburura mabonde mawili. Bwana akafia mikononi mwangu: 'Pazi, jina langu lisipotee. Hata kwetu Uskochi ni la kizee, vijana hawalitaki.' Nikamzika mwenyewe."

Hatibu akatafuna ini la mbuzi wa karamu polepole. "Na mbuzi huyu katoka wapi?"

"Huyu? Aah... urithi."

"Vizuri. Kesho twende tukapalilie kaburi, tumwambie amepata somo wake."

Pazi akalirudisha tonge sahanini.

Asubuhi wakapanda mlima, Asia kambeba mtoto mgongoni, kamkaza kwa kanga. Njiani mguu ulimuuma Pazi, kisha tumbo, kisha akaona nyoka ambaye wenzake hawakumwona.

"Tangulia, shemeji," alisema Hatibu kila mara.

Huko juu Pazi akaonyesha tuta refu, limefunikwa majani mabichi.

Hatibu akainama. "Kaburi limeota viazi?"

"Alivipenda mno, marehemu."

Hatibu akamtazama, akanyunyiza unga wa tambiko hata hivyo. "Ewe Torkwili, uliyelala hapa..."

"Nani ananiita?"

Kutoka shimo la machimbo kando yao akatokea mzungu, ndevu zinang'aa vumbi la ulanga, mzima kama jiwe. "Pazi! Mtoto umempa jina langu? Mbuzi alitosha?"

Mkunga hakuwapo, la sivyo angezimia. Asia alimgeukia mumewe taratibu. "Umeuza jina la mwanangu kwa mbuzi?"

"Mbuzi na chumvi," Pazi akanong'ona.

Mskochi akakuna kidevu. Hana mtoto, akasema, na ndugu zake wote wamelikataa jina la babu yao. Alidhani huku halitachekwa.

"Limechekwa," akasema Hatibu. Alitaka kufoka, lakini ini alilila yeye. "Bwana, mtoto ni Mwinjuma. Ni jina la mjomba wetu, ambaye amekufa kweli, na kaburi lake halina viazi. Jina lako tunakurudishia. Mbuzi hatuwezi kumrudisha, lakini aliyempokea yupo, na mikono anayo."

Mzungu hakubisha. Aliingia kibandani mwake, akatoka na jembe, akampa Pazi.

Pazi akaangalia tuta lile, na nyuma yake matuta mengine yaliyoshuka mpaka kijitoni. Asia akakaa jiweni, akamnyonyesha Mwinjuma.

"Shemeji, wallahi tena, yule chui..."

"Palilia," akasema Hatibu.