Thelathini na Saba Hasafiri Bila Mabano

Usiku wa jana, baada ya sala, niliota kebo ya mashine ya kutotolesha mayai inanigonga begani.

"Mama Nakijwa, amka. Mayai ya kwaya yanapoa."

Ni mayai ya batamzinga, yamebakiza kidogo kuanguliwa, na wanakwaya waliniamini mimi. Mashine tuliitengeneza darasa la jioni: kompyuta inatuma baiti moja, yaani namba moja, kupitia kebo, na mashine inapasha joto la nyuzi za namba hiyo. Nilikuwa nimeandika amri kwenye kompyuta, bytes(37), nikalala kwa imani.

"Si nimetuma thelathini na saba?" nikauliza.

"Njoo uone ulichotuma."

Naingia ndani ya kebo. Ni korido ndefu, imepigwa deki vizuri. Sifuri thelathini na saba wanapita kwa mstari, kofia mkononi. Kila mmoja akiifikia mashine anasema, "Shikamoo. Mimi sina kitu," kisha anasonga.

"Nimeambiwa sifuri," mashine ikanieleza kwa upole. "Nikiambiwa sifuri, nazima."

Thelathini na Saba mwenyewe alikuwa kwenye benchi, mnene, anajipepea.

"Mzee wangu, mbona huendi?"

"Niende vipi? Umenitaja bila mabano ya mraba. Huku ukitaja namba hivihivi, wanadhani unaagiza sifuri za idadi hiyo. Mimi nasafiri ndani ya mabano, mama. Nina heshima zangu."

Korido ikawa kanisa letu. Mabano mawili ya mraba yalisimama mlangoni na beji za wahudumu, yamepeana mgongo.

"Na huyo sifanyi kazi," likasema la kushoto. "Ananifungia kabla sijamaliza."

"Na wewe ukifungua unajua kufunga?" likajibu la kulia. "Si unaacha wazi tu, kila mtu anaingia!"

Nayasikia mayai yanatetemeka kwa baridi. Nikapiga magoti katikati yao.

"Bwana, hawa ni ndugu. Wageuze, vifaranga wasife."

Niliomba kwa sauti, kama tunavyoomba kwetu, mpaka kebo nayo ikaitikia amina.

La kushoto likageuka kwanza, linanung'unika. "Leo tu. Kwa ajili ya vifaranga."

"Nani kakuomba maelezo?" likasema la kulia, lakini nalo likageuka.

Thelathini na Saba akanyanyuka, akajipenyeza katikati. Yakamkumbatia, yakambeba koridoni, na sifuri wote wakampisha.

"Enhe," ikasema mashine. "Sasa umemleta mtu."

Nikaamka. Kumekucha. Nikaikimbilia mashine bila ndara, nikayashika mayai. Yana joto.

Kwenye skrini kumeandikwa bytes([37]).

Humu ndani naishi peke yangu. Na tangu nilipoamka nakitafuta kitufe cha mabano ya mraba kwenye kibodi, sijakiona.