Mshahara wa Kwenye Karatasi

Mwezi wa kwanza pesa za Aregae zilipokosa kuingia, hakuna aliyeshtuka. Pesa za wazee, ule msaada wa serikali wa kila mwezi, zilikuwa na mazoea ya kuchelewa, na watu wa Kakuma wamezoea kusubiri. Mwezi wa pili, mwenye duka aliyekuwa akimkopesha unga alianza kumwitikia salamu kwa ncha ya ulimi. Mwezi wa tatu hakumwitikia kabisa. Aregae, bibi wa miaka sabini na mitatu, akarudi nyumbani na mfuko mtupu, akaketi chini mlangoni, akamwambia binti yake:

"Akoru, serikali imenifuta. Wewe umesoma. Nenda ukaniulizie nimekosa nini."

Akoru alikuwa dobi wa gesti moja kubwa ya Kakuma, ile iliyo karibu na barabara ya Lokichoggio. Miaka sita alikuwa amefua shuka na foronya za vyumba ishirini na viwili, siku sita kwa wiki, mpaka jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, ikamla ngozi ya vidole na asiweze tena kuwasha kiberiti bila kuumia. Mume alikuwa amemfia. Watoto wawili walikuwa shuleni, na mama yake alikaa naye nyumba moja. Mshahara wa Akoru ulimalizikia kwenye maji, kuni na karo. Unga wa nyumba ile ulinunuliwa kwa pesa za wazee. Zilipokatika, wote wanne wakaanza kula mara moja kwa siku.

Akaomba ruhusa ya siku moja. Mwenye gesti, Shadrack, akampa, na papo hapo akamwambia siku hiyo hailipwi. Alfajiri Akoru akashika njia ya Lodwar.

Ofisi ilikuwa imejaa wazee waliokaa sakafuni wakiegemea fimbo zao. Zamu yake ilifika mchana. Nyuma ya meza alikuwa mwanamke aliyeitwa Jelagat, mgeni kutoka nyanda za juu, mwenye macho mekundu ya mtu aliyechoka kusema neno moja kutwa nzima. Alichukua kitambulisho cha Aregae, akabonyeza tarakilishi, akasoma.

"Mama yako alitolewa. Nyumba yenu iko na mtu wa mshahara."

"Nani huyo?"

"Ni wewe." Jelagat aligeuza kioo ili amwonyeshe. "Si wewe ndio Akoru? Umeandikwa hapa. Mfanyakazi wa kudumu. Elfu kumi na saba na mia tano kila mwezi. Huu msaada ni wa watu hawana kitu, mama. Nyinyi mko sawa."

Akoru alicheka. Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka kama kikohozi, na wazee wakageuka kumtazama.

"Madam, mimi nalipwa elfu sita."

"Hiyo sijui. Hii karatasi imetoka kwa bosi wako, na sahihi iko chini. Si yako?"

Ilikuwa yake. Ile A yenye mkia mrefu aliyofundishwa darasa la tatu ilikuwa pale, imetulia. Hapo akakumbuka, na kukumbuka kukamuuma kuliko njaa. Kila mwisho wa mwezi Shadrack aliwapanga wafanyakazi mbele ya meza yake, akawasukumia karatasi. Mara moja tu Akoru aliona tarakimu, akauliza. Shadrack akamjibu, "Hapo nimehesabu chai yako, chakula chako na nguo za kazi. Mambo ya ofisi hayo. Weka sahihi." Naye akaweka. Hakuwa mjinga, alijua kikombe cha chai hakifikii bei hiyo. Lakini nje ya lango walikuwa wanawake kumi wanaoitaka kazi yake, basi akanyamaza. Alinyamaza miezi sabini na zaidi.

"Mtu mzima anajibu kwa sahihi yake," Jelagat alisema, si kwa ukali. "Ulete barua ya bosi useme mshahara wako wa ukweli. Ama barua ya afisa wa leba, wale wa mambo ya kazi. Bila hiyo, mimi siwezi guza kitu."

"Kwa hiyo mwizi ajiandikie mwenyewe barua kwamba ameiba."

Jelagat alishusha macho. "Mimi pia niko kwa kandarasi, mama. Miezi miwili sijalipwa. Next... anayefuata!"

Akoru akashika njia ya kurudi Kakuma. Hasira ilikuwa imemkaa kifuani kama jiwe la moto, na kilichomchoma zaidi ni kwamba nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Asubuhi yake alimkuta Shadrack akipiga hesabu za wageni wa semina. Shadrack hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mzee wa kanisa, na alipenda kueleza jinsi alivyofika Kakuma miaka kumi na miwili iliyopita na bunda moja la mitumba, akalala sokoni juu ya nguo zake, akajenga chumba kimoja, kisha cha pili. Alimsikiliza Akoru mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unataka niandike barua ya kunifunga?"

"Nataka uandike ukweli."

"Ukweli ni huu. Nikilipa vile sheria inasema, hii gesti nafunga mwezi ujao. Nikifunga, wewe utafua shuka ya nani? Na nikikosa hizo karatasi za kuonyesha nalipa kisheria, sipati wageni wa ofisi. Mimi nawabeba nyinyi wote mgongoni, Akoru. Hakuna mtu alinibeba mimi. Hakuna serikali ilinipa hata shilingi. Mtu ajitegemee! Hii kungojea kupewa ndiyo imeharibu watu wa hapa."

Akoru alitazama ukuta ulio nyuma yake. Palikuwa na ubao wenye orodha ya waliokodi vyumba: wizara, kaunti, shirika, shirika, wizara.

"Bosi, nionyeshe chumba kimoja ambacho hakilipwi na serikali au na pesa ya msaada. Kimoja tu. Mama yangu alikuwa anapewa elfu mbili, akaonekana anategemea. Wewe unapewa vyumba ishirini na viwili, unaitwa tajiri."

Shadrack akavaa miwani yake. "Rudi kwenye kazi," alisema.

Jioni ile mlinzi wa gesti, Ebei, alifika nyumbani kwa Akoru amebeba begani bandali nzima ya pakiti za unga. Imetoka kwa bosi, akasema, ya kumsaidia mama. Akoru alitaka kuirudisha saa ile ile, lakini Aregae alikuwa ameshaikumbatia.

"Mama, huo unga ni wa jasho langu. Ameniibia ng'ombe, ananiletea kwato."

"Basi hizo kwato nitazichemsha," Aregae alijibu, huku akifungua pakiti kwa meno. "Tumbo langu halijui ugomvi wenu."

Akapika. Watoto wakala mpaka wakalala palepale walipokaa. Akoru naye akala, kwa sababu alikuwa na njaa.

Wiki mbili baadaye habari ikaenea gestini kwamba afisa wa leba anakuja kutoka Lodwar kukagua. Shadrack aliijua siku, aliijua hata saa. Akawakusanya wafanyakazi, akawakumbusha tarakimu kama mwalimu wa katekisimu. Elfu kumi na saba na mia tano. Mpishi, Nhial, aliambiwa siku hiyo abaki kambini. Nhial alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mtu mrefu mwenye upole, na jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote ya Shadrack. Alilipwa elfu nne.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Nhial alimfuata Akoru kwenye kamba za kuanikia.

"Ukti," alimwita, dada, kama walivyozoea kuitana watu wa kwao. "Nasikia uko na maneno ya kusema kesho."

"Nani amekuambia?"

"Uso yako. Sikia. Chakula ya kambi wamekata. Mimi wananiandika kundi ya watu wanajiweza, kwa sababu wanajua nafanya kazi. Watoto yangu wanne wanakula hii jikoni. Ukisema, wa kwanza kutoka ni mimi."

Akoru aliendelea kuanika. Alitamani amchukie Nhial, lakini hakupata pa kushika chuki hiyo. "Wewe wamekuandika unajiweza, mimi wameniandika tajiri," alisema mwishowe. "Na tunaombana tunyamaze."

"Ndiyo," Nhial alisema. "Naomba."

Akoru aliokota karai tupu, akarudi ndani.

Afisa aliitwa Ajwang. Alikuwa mama mnene mwenye faili kwapani na vumbi la safari kwenye viatu. Aliketi kwenye ukumbi wa kulia, Shadrack kando yake, chai na mandazi mbele yao, na wafanyakazi wakasimama mstari. Akawauliza mmoja mmoja. Ebei akasema elfu kumi na saba na mia tano. Wasichana wawili wa vyumbani wakasema vivyo hivyo, huku wakitazama vidole vya miguu yao. Sauti zao zilifanana kama za watoto wanaokariri shairi wasilolielewa.

"Na wewe?"

Zamu ya Akoru ilikuwa imefika. Akawaona mawazoni watoto wa Nhial, ambao hakuwahi kukutana nao. Akamwona mama yake akifungua unga kwa meno.

"Mimi nalipwa elfu sita. Hao wengine waulize tena wenyewe, mimi nasema yangu. Na sahihi ni yangu, sikatai. Niliweka kwa sababu niliogopa."

Kijiko kikalia kwenye kikombe. Shadrack alitabasamu kwa huruma. "Madam, huyu tulikosana juzi kuhusu ruhusa. Hata unga nilimpelekea mama yake."

"Uko na ushahidi?" Ajwang akamuuliza Akoru.

Akoru alitoa simu yake ndogo mfukoni, kioo kimepasuka. Mshahara ulikuwa ukitumwa humo, na hakuwahi kufuta ujumbe hata mmoja. Ajwang alivaa miwani, akasoma, akasogeza ujumbe kwa kidole, akasoma tena. Elfu sita. Elfu sita. Elfu tano na mia nane, mwezi ule mtoto alipougua malaria. Akaweka simu mezani na kuwageukia wengine.

"Na zenu?"

Hakuna aliyetoa simu. Ebei alisema yake ilipotea. Ajwang akaandika la Akoru peke yake.

Kabla ya wiki kwisha Akoru aliambiwa kazi imepungua. Na Nhial pia, kwa kuwa Shadrack sasa aliogopa kuonekana na mtu asiye na karatasi. Akoru alikutana naye siku iliyofuata karibu na soko la kambi. Alimsalimia. Nhial alisimama.

"Ulisema ukweli," alisema. "Nimewaambia watoto. Wanauliza ukweli inapikwa namna gani."

Akapita. Maneno hayo Akoru aliyabeba mpaka Lodwar, pamoja na barua ya Ajwang iliyopigwa mhuri.

Jelagat aliisoma barua, kisha akaiweka kando.

"Kwa sasa unafanya kazi wapi?"

"Nimefukuzwa."

"Hauna mshahara kabisa?" Uso wa Jelagat ulifunguka kwa mara ya kwanza. "Basi hii ni rahisi! Barua sihitaji. Nyumba haina mtu wa mshahara, mama anarudi. Kwa zile miezi zimepita, hizo zimeenda."

Akoru aliegemea meza kwa viganja vyote viwili. Sauti ilipomtoka, wazee wote waliokaa sakafuni waliisikia.

"Nilipofua shuka siku sita kwa wiki, mlisema mimi tajiri, mama yangu alale njaa. Nimefukuzwa, ndipo mnasema tumestahili. Aliyeiba bado analaza wageni wenu. Sasa niambie, madam, mimi nijitegemee vipi? Nifanye kazi, au nisifanye?"

"Sio mimi nimeandika hii sheria."

"Najua. Kila ninayemuuliza si yeye. Sahihi ndiyo pekee yenye mwenyewe, na mwenyewe ni mimi!"

Mzee mmoja aligonga fimbo sakafuni mara mbili. Mlinzi wa ofisi akaja, akamgusa Akoru bega, akamtoa nje kwa adabu.

Pesa za Aregae ziliingia mwezi uliofuata. Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, akaenda moja kwa moja dukani na kumsalimia mwenye duka kwa sauti ya juu. Akoru alifungua kesi kule Lodwar kudai mshahara wake uliopunjwa miaka sita. Kikao cha kwanza Shadrack hakufika. Cha pili alituma wakili kuomba muda. Kisha akatuma ujumbe: achukue elfu thelathini, afute kesi.

"Chukua," Aregae alisihi. "Hasira hailishi mtu."

"Sichukui."

"Kiburi hicho umekitoa kwa baba yako."

Aregae akainuka, akaenda kuosha sufuria.

Akoru akaanza kufua nguo za watu nyumbani kwake. Asubuhi moja mama mmoja wa ofisini, mkazi wa nyumba za watumishi, alimletea bunda kubwa la nguo na mapazia mawili. Akoru akataja bei yake.

"Hapana, mama," yule akasema, akitabasamu. "Wengine wanafua kwa nusu ya hiyo. Na wewe si ndio umefukuzwa kazi? Shukuru upate kitu."

Mikono ya Akoru ilikuwa tayari ndani ya karai, na shati la kwanza lilikuwa limelowa. Alilitoa, akalikamua kwa nguvu mpaka tone la mwisho, akalikunja, akaliweka juu ya bunda. Akalifunga bunda mafundo mawili na kumkabidhi mwenyewe mikononi.

"Wapelekee hao wa nusu."

"Unaringa na njaa?"

"Bei ni ile."

Yule mama aliondoka akinung'unika, bunda kichwani, shati bichi likimchuruzikia mgongoni. Hakurudi. Siku hiyo Akoru hakufua nguo ya mtu yeyote. Akamwaga maji ya sabuni, akafuta mikono, akaenda kumuuliza jirani mwenye kalenda tarehe ya kikao kinachofuata kule Lodwar inaangukia siku gani.