Wageni Wanane wa Kilimambogo

Kutoka nyuma ya nyumba yangu hapa Gitothua, Ruiru, mlima wa Kilimambogo unaonekana vizuri. Kwa miaka ishirini na miwili nimeutumia kuamua mahali pa kuanika nguo. Ukiwa na wingu kichwani, naanika ndani. Ukiwa wazi, naanika nje. Haujawahi kunidanganya, na sikuwahi kuwa na sababu nyingine ya kuuangalia.

Majirani zangu ni hivyo hivyo. Watu wa Ruiru wakipata likizo huenda Mombasa, na wakikosa Mombasa huenda Naivasha kupigwa picha na kiboko aliye mbali. Mlima unaoonekana kutoka kwa kamba ya nguo hauhesabiki kuwa safari. Kwa hiyo nilishangaa binti yangu Lynn aliponiambia kwamba kazi yake itaamuliwa huko juu.

Lynn ana diploma ya utalii kutoka chuo kimoja cha Thika. Aliimaliza miaka miwili iliyopita, na tangu hapo amekuwa akiuza chumvi ya ng'ombe katika duka langu la agroveti, la dawa na vyakula vya mifugo. Anauza vizuri, lakini hapendi ng'ombe. Mwezi uliopita alichukua pasipoti. Kuna ajenti mjini Thika anayepeleka wasichana Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na Lynn alikuwa amepangiwa kumwona Jumatatu saa nne asubuhi ili atie sahihi. Sikumkataza. Nilimuuliza tu kama anakumbuka jinsi msichana wa Mama Boaz alivyorudi kutoka huko. Akasema anakumbuka. Nikamwambia basi sawa.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumamosi. Bwana mmoja anayeitwa Ndambuki, mzaliwa wa upande huo wa Kilimambogo, ana kampuni ndogo ya kutembeza watalii, naye alikuwa anatafuta mwongozaji. Vyeti hakuvitaka. Alimwambia Lynn alete wageni wanane, awapandishe mlima mpaka kileleni, na yeye atafuata nyuma na daftari. Wakishuka wameridhika, kazi ni yake.

"Na nisione jamaa zako," alimwambia. "Shangazi hawezi kukosoa mtu. Nataka wageni wa kweli."

Lynn alipata wanafunzi wanane wa chuo chake cha zamani. Alhamisi jioni wote wanane wakajitoa, kwa sababu wenzao walikuwa na sherehe Naivasha.

Nilimkuta ameketi jikoni, simu iko juu ya meza, uso wake chini. Nikampa vitunguu akate, maana mtu hawezi kukaa bure. Kisha nikaanza kupiga simu. Nina kikundi cha akina mama kanisani, wanawake wasiokataa kitu chochote chenye chakula cha mchana. Kufikia saa tatu nilikuwa na watu saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa jamaa yetu. Wa saba alikuwa mzee Gachau, dereva mstaafu, ambaye hakualikwa. Alisikia tu mke wake akiongea nami, akasema yuko tayari.

Wa nane alikuwa mwalimu wa Sunday school. Ijumaa usiku akapiga simu kusema ana mazishi.

"Basi nitakuja mimi," nikamwambia Lynn.

"Mathe, zii, usije. Amesema hakuna jamaa."

"Hanijui. Nitakuita mwongozaji, wewe uniite madam."

"Utaniita maitu."

"Kwani mimi hukuita maitu?"

"Kila siku."

"Sawa, maitu," nikasema. Akaniangalia mpaka nikaelewa.

Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mamake baba, na wa pili jina la mamake mama. Lynn ni wa pili. Jina lake la nyumbani ni Waruguru, jina la mamangu. Kwa hiyo tangu siku ya kuzaliwa namwita maitu, yaani mama yangu. Namwita hivyo nikimtuma unga, na namwita hivyo nikimwambia sufuria hii haijaoshwa. Mdomo umezoea. Niliamua kwamba Jumamosi mdomo utafanya kazi ya kutafuna tu.

Jumamosi mlima ulikuwa wazi. Ingekuwa siku nzuri sana ya kuanika mablanketi.

Langoni tulimkuta Ndambuki, mtu mfupi mwenye buti safi. Alitusalimia mmoja mmoja na kuuliza majina na kazi.

"Idah," nikasema. "Nauza dawa za mifugo Ruiru."

"Ulijuaje safari hii?"

"Tangazo."

"Tangazo la wapi?"

"La kanisa," nikasema. Kwa namna fulani ilikuwa kweli, maana nilitangaza mwenyewe kwa simu.

Tukapewa askari mmoja wa wanyamapori, kijana mtulivu mwenye bunduki anayeitwa Kaloki, kwa sababu mlima huo una nyati na hairuhusiwi kupanda kwa miguu bila yeye. Kutoka langoni mpaka kileleni ni kilomita tisa. Hilo sikuwa nimewaambia akina mama. Rafiki yangu Carolyne, mwenye saluni, alikuwa amevaa viatu vya kanisa.

Kilomita ya kwanza ilikuwa mbaya. Lynn aliongea kama mtu anayesoma risiti. Alitaja urefu wa mlima, akataja aina za miti, akarudia urefu wa mlima. Nyuma yetu Ndambuki aliandika kitu. Nikaona nisaidie.

"Mwongozaji!" nikaita kwa sauti. "Hebu tuambie, yule ndege anaitwaje?"

Hakukuwa na ndege. Lynn akaangalia mti, kisha akaniangalia.

"Ameruka, madam," akasema.

Mzee Gachau naye alikuwa na swali. Alisimama kwenye kona ya kwanza, mahali ambapo bonde lote linafunguka chini na mto Athi unaonekana kama uzi, akavua kofia yake.

"Mwongozaji, hapa ploti ni namna gani?"

"Hii ni mbuga ya serikali, mzee. Haiuzwi."

"Najua. Lakini wakianza kuuza?"

"Hawatauza."

"Kwa hiyo taito ya ardhi hakuna."

"Baba Gachanja, wacha msichana afanye kazi," mke wake akamwambia. "Hata ile ya Juja uliambiwa haina taito, ukanunua."

Tulicheka wote, na Lynn akacheka, na hapo ndipo aliacha kusoma risiti. Akamwonyesha Gachau mashamba ya mananasi upande wa Thika, akamwonyesha mahali Ruiru ilipo. Carolyne akauliza kama saluni yake inaonekana. Lynn akamwambia saluni haionekani, lakini moshi wa yule jirani yake anayechoma takataka unaonekana. Carolyne akasema huo ndio ushahidi amekuwa akiutafuta, akaupiga picha.

Lazima niseme ukweli kuhusu ule mlima. Nilikuwa nimejiandaa kuchoka na kukaa kimya. Lakini ukifika kilomita ya nne, msitu unafunga juu ya barabara, hewa inakuwa baridi kama ya ndani ya mtungi, na miti ina ndevu za kijani zinazoning'inia mpaka begani. Mbega weupe kwa weusi walipita juu yetu, mikia mirefu kama shali. Akina mama ambao huwa hawanyamazi hata kwenye maombi ya kimya walinyamaza. Miaka ishirini na miwili nimeangalia huo mlima na kuona kamba ya nguo tu. Sijui ni nani wa kulaumiwa kwa hilo. Nadhani ni mimi.

Kilomita ya sita, kiatu cha Carolyne kilikatika. Kaloki alibaki nyuma kidogo akikifunga kwa kamba, na Ndambuki akasimama karibu nao akiandika. Sisi wengine tukaendelea na Lynn, hatua chache tu, mpaka kwenye kona.

Kulikuwa na kinyesi katikati ya barabara. Lynn akainua mkono tusimame.

"Hiki ni cha nyati," akasema kwa sauti ndogo. "Ni kibichi. Yuko karibu. Tutamngoja Kaloki hapa."

Nilikiangalia. Alikuwa sahihi. Mimi nina diploma ya afya ya mifugo, na sikuwa nimejua kwamba anasikiliza nikiongea dukani.

Nyati akatoka kichakani kabla hatujasogea. Alikuwa dume mzee, peke yake, umbali wa kama nyumba tatu. Akasimama barabarani akituangalia kama mtu anayedaiwa. Mke wa Gachau akasema "Ngai" bila sauti. Gachau akatoa simu.

Sasa, mtu yeyote mwenye akili angerudi nyuma. Mimi niliona mguu. Mguu wa mbele wa kushoto alikuwa hausimamii vizuri, anaugusisha chini na kuuinua. Ukwato. Ng'ombe akisimama hivyo dukani kwangu, kitu cha kwanza ni kusogea uone kama umeoza katikati. Nilisogea. Sikufikiri. Nilikuwa nimepiga hatua nne au tano nikiwa nimeinama.

"Mama mwenye kofia ya bluu," Lynn akasema. "Simama hapo."

Sauti haikuwa kubwa, lakini sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Nikasimama.

"Usimpe mgongo. Rudi nyuma polepole. Hatua moja."

"Ana shida ya ukwato," nikasema.

"Rudi nyuma."

"Mtu anaweza kuona kutoka hapa kwamba..."

"Nimesema urudi nyuma. Sasa."

"Sawa, maitu," nikasema, nikarudi.

Nyati alitikisa kichwa, akawaza, akaingia msituni upande wa pili akichechemea. Kaloki alikuwa amefika na bunduki yake, na nyuma yake alikuwa Ndambuki. Daftari lilikuwa wazi lakini kalamu haikuwa inaandika. Alikuwa ananiangalia mimi.

Kilomita tatu zilizobaki sikuona miti. Lynn alitembea mbele bila kugeuka. Nilijua anahesabu, kama mimi, saa zilizobaki mpaka Jumatatu saa nne.

Kileleni upepo ni mkali na kuna minara ya simu. Upande mmoja ulikuwa wazi mpaka Mlima Kenya. Akina mama wakafungua mukimo na chapati. Ndambuki akagawa fomu za wageni, kisha akaja kuketi kwenye jiwe karibu nami. Akakubali chapati. Akaila yote kabla ya kuongea.

"Mama Idah. Mamako bado yuko?"

"Alifariki."

"Pole. Aliitwa nani?"

Ningeweza kumpa jina lolote. Nilifikiria Wambui. Lakini mamangu hakuwa Wambui, na sikuona kwa nini nimkane juu ya mlima, mbele ya mtu aliyekula chapati yangu.

"Waruguru," nikasema.

Akatoa karatasi mfukoni, barua ya Lynn ya kuomba kazi, akasoma jina lote, Waruguru likiwemo, akilifuata kwa kidole. Akaikunja tena.

"Mimi nina msichana wa miaka sita," akasema. "Mwongeli. Ni jina la mama yangu. Sisi Wakamba tunasema mwaitu. Jana amemwaga maziwa kitandani nikamwambia, mwaitu, nitakuchapa."

"Ulimchapa?"

"Unachapaje mamako?"

"Ndiyo shida," nikasema.

Nikaona heri nimalize mwenyewe.

"Hakutaka nije. Mtu wa nane alipata mazishi. Hao wengine saba si jamaa, unaweza kuuliza. Kosa ni langu."

"Nilisema wageni wanane."

"Najua."

"Hawa ni saba."

"Najua, bwana Ndambuki. Nimehesabu chapati."

Akasimama, akakusanya fomu na kuzisoma hapo hapo kwenye upepo. Gachau alikuwa ameandika: Mahali pazuri, ploti hakuna. Carolyne aliandika barabara iwekwe lami. Yangu ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa nimempa Lynn saba kwa kumi.

"Mbona saba?" Ndambuki akaniuliza. "Huyu ni mtoto wako."

"Kilomita ya kwanza aliongea kama redio mbovu. Na mpaka sasa hajatuambia choo kiko wapi."

Aliiweka ile fomu juu ya zile nyingine. Kisha akamwita Lynn, ambaye alikuja akasimama wima kama mtu anayepokea matokeo ya mtihani.

"Nimeongoza watu hapa miaka kumi na moja," Ndambuki akamwambia. "Nimeongoza mpaka majenerali. Mamangu alipokuja, alitaka kuchuma mboga za msituni. Nikashindwa kumwambia arudi barabarani. Nilibeba zile mboga mimi mwenyewe." Akampa daftari lake. "Jumamosi ijayo kuna walimu kumi na sita. Ufike langoni saa moja kamili. Na uanze kwa kuwaambia choo kiko wapi."

Kisha akanigeukia.

"Wewe usije."

"Nina duka," nikasema.

Tuliteremka. Tulipofika nyumbani Lynn akaweka maji ya chai.

"Saba kwa kumi, mathe?"

"Ilikuwa sita. Nikaongeza moja ya nyati."

Jumatatu saa nne alikuwa dukani akiuza chumvi. Pasipoti niliiweka ndani ya kabati chini ya vitambaa vya meza. Hajaiulizia.

Jumamosi iliyofuata niliamka mapema, nikaenda nyuma ya nyumba na beseni la nguo. Mlima ulikuwa na wingu kichwani. Nikaingiza beseni ndani na kuliweka chini. Lynn alikuwa mlangoni akifunga kamba za buti.

"Maitu," nikamwambia, "chukua koti."

Akalichukua.