Jiwe Linasalimiwa Kwanza

Ijumaa hiyo Wesonga alichonga mawe akiwa amevaa shati aliloolea. Mafundi wenzake pale kwenye mjengo wa Muthangari walimcheka mpaka wakachoka.

"Mzee, leo unaoa tena?" Kitavi, msimamizi wao, akamtania.

"Naenda shule. Ile sikumaliza."

Kweli alikuwa anaenda, ila kwa simu. Mwalimu Lornah, kule Uthiru, alikuwa na mtindo wake: kila Ijumaa saa nne, mzazi mmoja huonekana kwa video kwenye ukuta wa darasa la pili, akiwa palepale kazini, na mtoto wake humjulisha kwa wenzake. Leo ilikuwa zamu ya Ivyne. Na Ivyne hakuwa ametamka neno shuleni tangu mama yake azikwe, miezi minane sasa. Mkuu wa shule alishasema: asipofungua mdomo muhula huu, atafutiwe shule ya watoto wasiosema.

Wakubwa ni walewale, Wesonga aliwaza. Walimwacha mkewe Philister kwenye benchi ya hospitali tangu alfajiri mpaka jioni, kadi mkononi, na sasa hawana subira hata na mtoto wake. Skrini ya ukuta mzima wamepata. Choo cha shule hakina mlango.

Saa nne akaegemeza simu kwenye rundo la mawe. Vumbi jeupe lilikuwa limesimama hewani, halishuki wala halipandi, na jua likipita ndani yake dunia ikawa laini, ya mbali, kama kitu unachokiona chini ya maji. Ndani ya kioo cha simu, vichwa vidogo vilielea kama maharagwe yaliyolowekwa. Akamtafuta wake. Alisimama mbele, mikono nyuma, midomo imebanwa.

"Hamjambo, watoto. Mimi ni..."

"Baba Ivyne, hatukusikii!" Ilikuwa sauti ya Mwalimu Lornah. "Sauti yako imezimwa. Kuna alama nyekundu hapo chini, iguse."

Jua lilikuwa limemeza alama zote. Akagusa hapa, akagusa pale. Uso wake ukapinduka, ukatoweka, ukarudi.

"Ni kama samaki!" mtoto mmoja akapiga kelele, na darasa zima likaangua kicheko. Ivyne akainamisha kichwa.

Wesonga akanyoosha kidole aizime simu kabisa. Lakini mkono wa pili, kwa mazoea, ulikuwa umeshaokota nyundo. Kwa miaka ishirini alikuwa akianza kazi hivyo: unaligonga jiwe kwanza, unalisikiliza. Zamani Philister alikuwa akimletea chakula, Ivyne mgongoni, anainama pamoja naye kutega sikio, anacheka. Sasa ilikuwa kana kwamba yupo tena, harufu ya sabuni yake imetanda kwenye lile vumbi. Wesonga akagonga. Akainama.

Darasa likatulia. Kisha ikaja sauti nyembamba, yenye kukwaruza kama bawaba iliyoshika kutu.

"Analisalimia."

Wesonga akainua kichwa.

"Anasalimia nini, Ivyne?" Mwalimu aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa kufukuza ndege.

"Jiwe. Likiwa zima linalia ting. Mama alikuwa anasema limeitika."

Wesonga akachukua lingine, lenye ufa ndani. Akagonga.

"Hilo limekataa. Si unaona vile amekunja uso?"

"Sasa analitupa?" akauliza yule wa samaki.

"Wewe nawe! Jiwe halitupwi. Linaenda chini kwa msingi, linabeba mengine."

Wewe nawe. Hivyohivyo ndivyo Philister alivyokuwa akimkemea. Wesonga akageuza uso kidogo, alisingizie vumbi machozi yake.

"Everlyn, kimbia umwite mkuu wa shule," Mwalimu akanong'ona. "Mwambie aje asikie mwenyewe."

Miguu midogo ikasikika ikitoka mbio.

"Fundi!" Kitavi akaita kutoka juu. "Dakika zako zimeisha!"

"Niandike sikuja," Wesonga akamjibu bila kuinua macho.

Akaokota jiwe la tatu, akagonga, akatega sikio. Ivyne akalieleza. Akaokota la nne. Rundo lilikuwa kubwa, na ofisi ya mkuu, anavyojua yeye, iko mbali, mwisho kabisa wa uwanja. Akaendelea kugonga, jiwe baada ya jiwe, mtoto asije akaishiwa na la kusema kabla ya mlango wa darasa kufunguliwa.